Barua kwa Mhariri: Fayawoli ya Linux nyumbani, mnabishana bila kufungua mashine

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi wa ukurasa wa teknolojia na kwa kawaida siandikagi barua, nasoma, nacheka au nanuna kidogo, nageuza ukurasa maisha yanaendelea. Lakini hii ya fayawoli imenishinda kumeza. Kwanza mkatoa makala inayosema mwenye Linux nyumbani hana haja kabisa na fayawoli maana Linux haiingiliki, sawa, alafu wiki iliyofuata mkachapisha barua ya msomaji anayesema ukiwasha kompyuta bila fayawoli umekwisha, wadukuzi wako mlangoni wanakusubiri, na nyie mkaishia hapo hapo kama refa aliyepuliza filimbi katikati ya mechi akaenda kuoga. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja, wanagombana juu ya Linux kama vile ni dini wakati hakuna hata mmoja aliyefungua mashine yake akaangalia mle ndani kuna nini kinaendelea.

Neno lenyewe nitaliandika tunavyolitamka, fayawoli. Najua kuna wanaoandika ukuta wa moto na nawaheshimu, ila nilipomwambia shangazi yangu kwenye simu awashe ukuta wa moto kwenye laptopu yake alinyamaza kidogo akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, na ikiungua?" Basi tokea siku hiyo nasema fayawoli, yaani ile programu inayoamua mawasiliano gani ya mtandao yapite kwenye kompyuta na yapi yazuiwe.

Kitu ambacho makala yenu haikugusa ni kwamba kila Linux tayari ina fayawoli. Iko ndani ya keneli yenyewe, ule moyo wa mfumo, inaitwa Netfilter, ilikuja na keneli 2.4 mwezi Januari 2001, na kabla yake kulikuwa na ipchains, na kabla ya hapo ipfwadm, yaani hii kitu ina mvi. Jina ambalo wengi wamelisikia ni iptables, hiyo ni amri tu ya kuiambia Netfilter unataka nini, na siku hizi inarithiwa na nftables iliyoingia kwenye keneli 3.13 mwaka 2014. Na hizi ufw unazoziona Ubuntu, sijui firewalld ya Fedora, hizo ni rimoti, tivii ni ile ile. Kwahiyo mtu akikwambia "Linux yangu haina fayawoli" ukweli wake ni kwamba anayo, imekaa tu, haijapewa sheria hata moja, inapitisha kila kinachokuja. Mlinzi yupo getini anakula mshahara ila hakuna aliyemwambia amzuie nani.

Sasa niwe mkweli, wale wa upande wa "huhitaji" wana hoja, tena nzito kuliko walivyoieleza wenyewe. Kompyuta ina poti 65,535 za TCP na nyingine idadi hiyo hiyo za UDP, hizo TCP na UDP ni njia mbili za kusafirisha data mtandaoni (kuna vitabu vinaziita bandari, meli inatia nanga wapi humu ndani mimi sijui) na watu wakisikia hiyo namba wanashtuka, wanaona matundu elfu sitini na tano. Hamna matundu. Poti ni namba tu. Pakiti, yaani kipande cha data, ikija kutoka nje ikagonga poti 4000 na hakuna programu inayosikiliza hapo 4000, keneli inajibu hapa hakuna mtu, basi imeisha. Mdukuzi hata awe na shahada tatu haingii kwa mlango ambao haujajengwa. Na wale wa Ubuntu tangu zamani wana utaratibu kwamba ukimaliza kuweka mfumo wa deskitopu pasiwepo poti iliyo wazi kwa nje isipokuwa vile vidogo vya lazima, kuomba anwani ya mtandao, kutambuana na vifaa vya jirani. Ndo maana ufw imo ndani ya Ubuntu tangu toleo la 8.04 la mwaka 2008 lakini inakuja imezimwa. Watu wanaona ni uzembe, hapana, walikaa wakafikiria.

Na hofu ya fayawoli wengi wetu tumehama nayo kutoka Windows. Waliokuwepo wanakumbuka Agosti 2003, mdudu Blaster, alikuwa anaingia kupitia poti 135 bila wewe kubonyeza chochote, unaunganisha kompyuta na intaneti ili upakue dawa yake na kabla dawa haijafika mashine inakuhesabia sekunde ijizime. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft wakatoa SP2, kile kifurushi cha maboresho ya Windows XP, wakawasha fayawoli kwa kila mtu. Kizazi kizima kikajifunza hapo kwamba fayawoli ni uhai. Waliohamia Linux wakaja na hofu hiyo kwenye begi, wakongwe wa Linux wakawacheka, na ule mzaha wao wa zamani ndo umekuja kugeuka makala kwenye gazeti lenu miaka zaidi ya 20 baadaye.

Tatizo ni lile neno "ukimaliza kuweka mfumo". Ni kweli kabisa kwa kompyuta ya siku ya kwanza. Nani ana kompyuta ya siku ya kwanza?

Ngoja niwasimulie yaliyonipata, wapi sisemi. Nilikuwa nataka kuhamisha video kutoka laptopu kwenda kwenye simu, waya sina, nikafanya kile tunachofanya wengi, nikafungua teminali nikaandika python3 -m http.server nikabonyeza enta. Kwa asiyejua, hiyo amri inageuza folda uliyopo kuwa tovuti ndogo kwenye poti 8000, unafungua brauza ya simu unachukua faili lako, raha tupu. Ila sikuingia kwanza kwenye folda ya video, niliandika pale pale teminali inapofungukia, yaani folda yangu ya nyumbani yenye kila kitu changu duniani. Video ikahama, nikafurahi, nikafunga mfuniko wa laptopu nikalala. Kesho yake niko kwenye ukumbi wa kusubiria wenye waifai ya bure, nafungua laptopu, inaamka, inajiunga na ile waifai, naendelea na kazi zangu, kama saa nzima hivi, alafu nikarudi kwenye teminali kutafuta kitu kingine kabisa nikakuta mistari ambayo sio yangu. Anwani inaanza na 10, "GET /", mwisho 200. Chini yake anwani ile ile, "GET /favicon.ico", 404. Chini yake "GET /Documents/", 200.

Nisome na nyie. Ile 200 maana yake ameomba na amepewa. Ile favicon.ico ni kale kapicha kadogo ka juu kwenye brauza, brauza hukaomba kenyewe bila mtu kuambiwa, na roboti za kupekua poti kwa kawaida hazihangaiki nako, kwahiyo huyu alikuwa binadamu mwenye brauza yake, yuko ndani ya ukumbi ule ule, labda viti vitatu kutoka nilipo, anaangalia orodha ya mafaili yangu. Na http.server haifichi zile folda zinazoanza na nukta, na .ssh, ile folda ya funguo za kuingilia mashine nyingine, ilikuwa inaonekana pale juu kabisa ya orodha. Nilibonyeza Ctrl+C kwa vidole vya baridi. Kwenye Documents kuna skani ya kitambulisho changu. Mistari iliishia hapo, hakufungua faili hata moja, labda alikuwa kijana mdadisi tu akaona aibu akaondoka, Mungu ambariki.

Linux ilikosea wapi hapo? Hakuna. Ilikuwa na apdeti zote. Python ilifanya nilichoituma. Hakuna aliyevunja kitu wala kuotea paswedi. Mimi ndo nilijenga mlango nikausahau, nikabeba nyumba nzima na mlango wake wazi nikaenda kuiweka katikati ya watu. Sasa ingekuwa ufw imewashwa, usiku ule simu isingeipata video, ningelaani dakika mbili, ningefungua poti 8000 kwa mtandao wa nyumbani peke yake, sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 8000, na yule bwana kesho yake angegonga akakuta kimya. (Angalau pale, kwasababu kuna waifai za watu nazo zinatumia 192.168.1 vilevile, huko hiyo sheria isingeniokoa, lakini ndo hivyo.)

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa mmoja wa wale wa kucheka. Ninachohitaji kulindwa nacho ni mimi wa jana, yule anayeweka kitu saa tano usiku anapata alichotaka anaenda kulala. Kwenye familia ya Debian, ambayo Ubuntu nayo imo, ukiweka openssh-server, ile seva ya SSH ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, inajiwasha hapo hapo, hujaambiwa hujaulizwa, poti 22 iko hewani, wakati Fedora inakusubiri uiwashe mwenyewe. Uliweka ili umsaidie rafiki kwa mbali mara moja. Ukaweka Samba, ya kugawana mafaili mtandaoni, kwa ajili ya folda moja. Ukaweka seva ya gemu watoto wacheze wikiendi. Mwaka ukapita.

Msomaji asiniamini mimi, afungue teminali aandike sudo ss -tulpn asome mwenyewe. Inatoka mistari mingi yenye sura mbaya, usiogope, angalia safu ya Local Address tu. Ukikuta 127.0.0.1:631, huyo ni CUPS wa kuchapisha, anasikiliza ndani ya mashine peke yake, hakuna wa nje anayemfikia. 127.0.0.53:53 ni systemd-resolved, wa kutafuta anwani za majina ya tovuti, huyo naye wa ndani. Kila kinachoanza na 127 au kilichoandikwa [::1], kiache. Ukikuta 0.0.0.0 au [::] au nyota, simama hapo, maana yake hiyo programu inamsikiliza yeyote anayeweza kuifikia, na mwisho wa mstari pameandikwa jina la programu yenyewe. Mimi wangu nilikuta 5353 ya avahi, ya kutambuana na vifaa vya jirani, sawa naijua, 22000 ya Syncthing, ya kulinganisha mafaili kati ya vifaa, sawa nilitaka mwenyewe, 1716 ya KDE Connect, ya kuunganisha simu na kompyuta, sawa, alafu poti 3000, programu ya node, nikakaa naitazama. Ilikuwa mradi niliouacha zamani na ambao niliupangia ujiwashe wenyewe kila kompyuta ikiwaka. Mteja aliyeniagiza hata simu zangu hapokei tena.

Hapo mtu wa kawaida ataniambia, sawa baba, hayo ni ya nyie mnaoandika programu, mimi ni brauza na barua pepe, seva sijawahi kuwasha maishani. Namjibu neno moja, printa.

Tarehe 26 Septemba 2024 mtafiti wa usalama Simone Margaritelli aliweka hadharani kasoro kadhaa za CUPS, ule mfumo wa kuchapisha unaokuja na karibu kila Linux ya deskitopu. Mojawapo, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-47176, ilikuwa kwenye cups-browsed, kiprogramu kidogo kinachozunguka kutafuta printa mtandaoni. Kilikuwa kinasikiliza poti 631 ya UDP kwenye anwani zote, sio ile ya 127 niliyosema uiache, na kilikuwa kinamwamini kila mtu. Mtu usiyemjua anatuma pakiti moja tu inayosema mimi ni printa, maelezo yangu yako anwani fulani, na kompyuta yako inanyanyuka yenyewe inaenda kuyasoma, inasajili printa hewa, na siku ukituma karatasi kwenye hiyo printa amri alizopachika zinatekelezwa kwenye mashine yako. Zinatekelezwa kwa jina la lp, hazina nguvu za ruti, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mashine, na lazima wewe mwenyewe uchapishe, kwahiyo hapakuwa na kiama. Lakini angalia, mwenye kompyuta hakuwasha kitu, hakujenga mlango, alikuta umejengwa. Apdeti zilitoka, ila kabla ya apdeti aliyekuwa amewasha ufw pakiti ile ya poti 631 ilikuwa inatupwa bila hata yeye kujua kuna habari. Sio kwamba alikuwa salama asilimia mia, kwenye waifai moja kulikuwa na njia nyingine ya kujifanya printa kupitia mDNS, ile njia ya vifaa vya jirani kutambuana, na mDNS ufw inairuhusu, lakini dunia nzima ilikuwa imeshafungiwa nje. Na kitu cha kuchekesha, huyu huyu Margaritelli ndo aliyeanzisha OpenSnitch, fayawoli ya Linux ya kuangalia programu gani inatoka nje. Alijua anachotafuta.

Rauta je, maana najua mtaniletea hoja ya rauta. Ni kweli inasaidia. Anwani za IPv4, ule mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, zote ni kama bilioni 4.3 tu hazikututosha, kwahiyo nyumbani kwako kuna anwani moja ya nje na vifaa vyote vinajibanza nyuma yake na zile anwani za ndani, 192.168 na wenzake, na pakiti isiyoalikwa ikifika rauta haijui impe nani, inaitupa. Haikubuniwa kuwa ulinzi ila inalinda. Mpaka IPv6, ule mfumo mpya, inapoingia. Huko anwani ni nyingi hazina mwisho, kila kifaa kinapata yake ya dunia nzima na kinachobaki kukulinda ni fayawoli ya rauta yenyewe kama aliyeitengeneza alikumbuka kuiwasha. Andika ip -6 addr uone, anwani inayoanza na fe80 haitoki nje ya nyumba, inayoanza na 2 au 3 hiyo ni ya duniani. Alafu kuna UPnP, ambayo ni njia ya programu kuiambia rauta nifungulie poti bila kukuuliza wewe mwenye nyumba, na rauta nyingi zinakubali tu kama mtoto mtiifu.

Na nyuma ya rauta hauko peke yako. Kuna tivii, kuna kamera, kuna kile kidude cha nani sijui kilicholetwa kama zawadi. Mwaka 2016 programu hasidi Mirai iliteka kamera na rauta kwa mamia ya maelfu kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, orodha yenyewe ilikuwa na jozi kama 60 hivi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo zikatumika kuwazidi nguvu Dyn, kampuni iliyokuwa inaelekeza majina ya tovuti, tovuti kubwa kubwa Twitter na Netflix ikiwemo zikawa hazifunguki. Vile vifaa vilikuwa vinaendeshwa na Linux, nalisema hilo kwa heshima zote kwa mwandishi wenu wa haiingiliki. Kamera kama hiyo ikitekwa iko waifai moja na kompyuta yako, rauta iko nyuma yenu wote wawili. Na laptopu ikitoka nyumbani rauta inabaki sebuleni.

Sasa na yule msomaji wa pili, wa wadukuzi mlangoni. Aliandika kwamba alipowasha ufw aliona mamia ya mistari ya UFW BLOCK na huo ndo ushahidi wake kwamba anashambuliwa mchana na usiku. Ndugu yangu, rudi kwenye /var/log/ufw.log usome vizuri, nakuwekea dau utakuta SRC=192.168.1.1 DST=224.0.0.1 PROTO=2, inajirudia kila dakika mbili hivi. Huyo anayekushambulia ni rauta yako mwenyewe, anapita anauliza nyumba nzima nani anataka matangazo ya kundi gani, ni IGMP, ni kazi yake. Umemfungia nje mwenye nyumba akiwa anagawa barua.

Na kuwasha peke yake hakumalizi kazi, hili makala na barua zote mbili zimeliruka. Fedora Workstation inakuja na firewalld imewaka kabisa, watu wanalala usingizi mzito, kumbe ile zoni yake, yaani seti ya sheria, ya kiwandani inaacha wazi poti zote kuanzia 1025 mpaka 65535, TCP na UDP, ili programu za watu zisigome. Ile 8000 yangu ingepita kwenye Fedora yenye fayawoli iliyowaka, inapunga mkono. Ukitaka kukaza unaandika sudo firewall-cmd --set-default-zone=public. Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya visanduku vinavyoitwa kontena, ndo balaa zaidi, ukiendesha kontena na -p 8080:80 yenyewe inaandika sheria zake moja kwa moja kwenye iptables, ufw wala haihusishwi, ufw status inakuonyesha imefunga kila kitu na kontena liko wazi kwa wote. Niliona hivyo kwa macho yangu nikadhani nimechoka. Dawa ni kuandika -p 127.0.0.1:8080:80, hiyo 127 mbele ndo inaifunga ndani.

Kuna gharama pia, tusidanganyane. Mdogo wangu aliwasha ufw kwa ushauri wangu, na jioni hiyo simu yake ikapotea kwenye KDE Connect, akahangaika, akafuta programu akaweka tena mara mbili, akaapdeti simu, mwisho akanipigia, "kaka hii kitu yako imeniharibia kompyuta". KDE Connect inataka poti 1714 mpaka 1764, TCP na UDP, ni mistari miwili, sudo ufw allow 1714:1764/tcp na nyingine yenye udp. Dakika moja. Lakini hakuna ujumbe wowote uliomwambia fayawoli ndo imezuia, ilizuia kimya kimya, na kwa mtu ambaye si fundi huo ukimya unaudhi kuliko mdukuzi ambaye hajawahi kumwona.

Wala fayawoli haikusaidii na yale yanayowapata watu kweli kila siku. Ukikopi amri kutoka tovuti usiyoijua ukaipachika kwenye teminali na sudo mbele, yaani umeipa mamlaka yote, fayawoli inakuangalia tu. Kiambatisho cha brauza kinachosoma kila unachoandika, ufw iko kimya maana inavyokuja inaruhusu kila kinachotoka nje. Wewe ukitoka mwenyewe mlinzi anasimama anapiga saluti. Ukitaka kuona nani anatoka ndo hiyo OpenSnitch, inakuuliza kila programu inapotaka kutoka, siku ya kwanza inauliza mpaka unatamani kuirusha dirishani, baada ya wiki inatulia. Na fayawoli yenyewe ni programu kama nyingine, nayo inaugua, mwaka 2024 palitangazwa kasoro ya nf_tables, ile ile nftables ndani ya keneli, CVE-2024-1086, iliyomruhusu mtumiaji wa kawaida aliyekwisha kuwa ndani ya mashine kujipandisha mpaka ruti. Apdeti kwanza, fayawoli baadaye, nikilazimishwa kuchagua.

Kwahiyo mkitaka msimamo wangu mimi, kompyuta ya mezani isiyohama, nyuma ya rauta unayoijua, na ss imekuonyesha 127 tupu, lala salama hata kama ufw imezimwa, sitakusumbua. Laptopu inayozunguka, washa leo, sudo ufw enable, imeisha, inazuia vinavyoingia na kuruhusu vinavyotoka na itawaka yenyewe kila siku. Unayo SSH, weka sudo ufw limit ssh, anayejaribu kuingia mara sita ndani ya sekunde 30 anafungiwa, na utumie funguo badala ya paswedi. Mimi yangu ya mezani pia nimewasha, sina sababu ya kitaalamu, najijua tu.

Ombi la mwisho Mhariri. Mkiichapisha hii barua naomba mhariri wenu wa lugha asiziguse zile amri. Mara ya mwisho nilipowaandikia mlinibadilishia vistari viwili vya mwanzo wa amri vikawa kistari kimoja kirefu cha kupendeza, na nilipata malalamiko kutoka kwa watu watatu kwamba amri zangu hazifanyi kazi. Hapo kwenye firewall-cmd ni vistari viwili, vifupi, vimeshikana.

Msomaji wenu